Alimbusu Elvis, akamwacha mchumba, akaingia utawani

Hebu nikuulize shosti, na unijibu kwa ukweli. Una miaka 24. Umeshacheza filamu kumi, na katika mbili kati ya hizo mwanamume uliyekuwa unaigiza naye mapenzi ni Elvis Presley, yule yule. Una mchumba mtanashati anayekupenda kufa. Gauni la harusi limebuniwa na Edith Head, mama aliyewavalisha mastaa wa Hollywood mpaka akajikusanyia tuzo 8 za Oscar. Je, unaweza kupanda gari, ukamwambia dereva akupeleke kijijini, ukabisha hodi kwenye nyumba ya masista na usirudi tena?

Dolores Hart alifanya hivyo tarehe 13 Juni 1963. Alikuwa New York kuitangaza filamu yake mpya, Come Fly with Me. Akachukua gari la kwenda tu, bila kurudi, hadi Bethlehem. Si ile Bethlehemu ya kwenye Biblia, bali kijiji kimoja cha jimbo la Connecticut, Marekani, penye monasteri ya Wabenediktini iitwayo Regina Laudis. Akaingia, mlango ukafungwa.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, na karibu kila anayekisimulia anaishia hapo mlangoni. Staa kaacha mali, staa kaacha mwanamume, staa kamfuata Mungu, mwisho wa hadithi. Mimi kwa kweli ninachotaka kujua ni habari ya siku ya pili. Na ya mwezi wa tatu. Na ya mwaka wa nne, wakati hakuna tena mwandishi wa habari anayekumbuka kupiga simu. Maana kuondoka ni jambo la siku moja tu. Kuzoea ndiyo kazi.

Binti wa chumba cha sinema

Jina lake la kuzaliwa ni Dolores Hicks, alizaliwa Chicago tarehe 20 Oktoba 1938. Baba yake naye alikuwa mwigizaji. Ndoa ya wazazi ilivunjika mapema, na mtoto akawa analelewa kwa vipindi na babu na bibi. Babu huyo alikuwa fundi wa kuonyesha filamu kwenye jumba la sinema. Mzee alipenda kujipumzisha usingizi kidogo mle ndani, hivyo filamu aliiacha bila sauti, na kazi ya mjukuu ilikuwa kumwamsha mkanda unapofika mwisho. Yaani huyu binti alijifunza kuigiza kwa kutazama nyuso tu, bila kusikia neno.

Akiwa na miaka 10 aliingia Ukatoliki, kwa uamuzi wake mwenyewe. Akiwa na miaka 18 alikuwa mbele ya kamera na Elvis katika Loving You, iliyotoka mwaka 1957. Busu lao ni miongoni mwa mabusu ya kwanza ya Elvis kwenye filamu, na Dolores alisimulia baadaye kwamba ilibidi upigaji picha usimame kwa sababu masikio yao wote wawili yalikuwa mekundu kwa aibu, ikabidi yapakwe vipodozi! Mwaka uliofuata wakacheza tena pamoja katika King Creole. Watu wakazusha kuwa ni wapenzi. Hawakuwa.

Mwishoni mwa 1958 akapata nafasi Broadway, kwenye tamthilia iliyompa uteuzi wa tuzo ya Tony. Jukwaani kila usiku, wiki nenda wiki rudi, mwili ukachoka. Rafiki mmoja akamshauri aende akapumzike kwenye monasteri ya Bethlehem. Mwanzoni hakutaka hata kusikia habari za masista. Akaenda. Akarudi kazini. Kisha akaenda tena. Kila alipopata nafasi, kumbe ndiko alikokuwa anakimbilia.

Mwaka 1961 alicheza sehemu ya Mtakatifu Klara katika filamu ya Fransisko wa Asizi, na akiwa Italia alikutana na Papa Yohane XXIII. Akajitambulisha kuwa ni mwigizaji anayecheza kama Klara. Papa akamsahihisha kwamba hapana, wewe ndiye Klara. Ukiwa na mzigo moyoni na mtu mkubwa namna hiyo akakuambia neno kama hilo, utalala?

Don

Mchumba wake aliitwa Don Robinson, mfanyabiashara wa Los Angeles. Walikuwa pamoja kwa miaka. Ni Don aliyeona kwanza kuwa kuna kitu. Usiku wa sherehe yao ya uchumba aliona mwenzake yupo lakini hayupo, akamuuliza. Dolores akasema ukweli.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu kwenye meza yangu ya uhariri barua za aina moja haziishi. Dada kaachwa, kasalitiwa, katapeliwa, anaandika kwa hasira: bora niende zangu utawani! Wengine wanasema kwa utani, wengine wanamaanisha. Shosti, mtazame huyu. Hakuachwa. Hakuna mwanamume aliyemtenda. Alimpenda Don, alimwambia hivyo, na aliendelea kusema hivyo mpaka uzeeni. Aliondoka kwenye uhusiano uliokuwa mzima, ndiyo maana ulimuuma. Na wale masista wenyewe wana njia yao ya kumchuja mtu anayekimbia machozi, nitafika huko sasa hivi.

Si masista unaowajua wewe

Huku kwetu ukisema sista, mtu anamwona muuguzi wa hospitali ya misheni, mwalimu mkuu mkali, au yule anayeendesha pikapu lililojaa magunia ya mahindi. Masista wa Chipole kule Songea ni Wabenediktini, na wanafanya kazi hizo zote katikati ya watu. Mamonaki wa Peramiho na Ndanda pia wanafuata Kanuni ile ile ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6. Lakini wale wa Regina Laudis ni watawa wa ndani. Hawatoki kwenda kazini. Kazi yao ni sala, na shamba lao, humo humo ndani ya uzio, mpaka kufa.

Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1947 na Mama Benedict Duss, Mmarekani aliyesomea udaktari kisha akaingia utawani Jouarre, Ufaransa. Mwaka 1944 alishuhudia jeshi la Marekani, la Jenerali Patton, likiikomboa sehemu ile kutoka kwa Wajerumani, akaapa kwamba ataipelekea nchi yake monasteri kama shukrani. Baadaye mjukuu wa Patton mwenyewe akaja kuwa mtawa hapo hapo. Wana ekari zaidi ya 400, wana ng'ombe, wanatengeneza jibini. Sista mmoja alisomea ukungu unaoota juu ya jibini mpaka akapata shahada ya udaktari wa mikrobiolojia! Kwa hiyo usidhani ni wanawake walioingia kujificha wasifikiri.

Ratiba yao si mchezo. Saa nane usiku, wewe ndiyo kwanza umeingia kwenye usingizi mtamu, wao wanaamka kwenda kuimba zaburi. Mchana wanaingia kanisani mara saba. Wanaimba kwa Kilatini, nyimbo za kale za Gregori, zisizo na ngoma wala kinanda cha kukubeba. Katikati ya hapo ni shamba, jiko, kufua, kusoma. Halafu kesho tena.

Nguo zako zinatunzwa stoo

Nimeisoma ile Kanuni ya Benedikto kwa ajili ya makala hii, na sehemu ya kupokea wageni ndiyo iliyonishika. Benedikto anaagiza anayekuja asifunguliwe kirahisi. Mwache abishe hodi siku nne, tano, aonje kukataliwa, uone kama atabaki. Akishaingia, kwa muda wa mwaka mzima asomewe Kanuni yote mara tatu, na kila mara aambiwe kwamba kama hawezi, mlango uko wazi aende zake. Kwa hiyo wewe uliyeachwa na Juma wiki iliyopita, hasira zitakuwa zimekwisha kabla hujamaliza kusomewa mara ya kwanza.

Halafu kuna hili. Siku anapokubaliwa, anavuliwa nguo zake na kuvikwa za monasteri. Zile za kwake hazitupwi. Zinawekwa stoo, ili siku akiamua kuondoka arudishiwe, asitoke na ya watu. Miaka 1,500 iliyopita mtu alikaa akawaza jambo hilo! Kuna ndoa ngapi hapa mjini ambazo mwanamke akiondoka anatoka na kanga moja?

Na nafasi yako humo ndani haiangalii ulikuwa nani. Aliyeingia saa moja kabla yako ni mkubwa wako, maisha yote. Kama ni binti wa miaka 18 kutoka shambani na aliingia wiki iliyopita, yeye atatangulia kwenye mstari, wewe uliyeonekana kwenye sinema dunia nzima utamfuata. Jikoni ni zamu, na aliye mzima hasamehewi. Huna mali yako, hata kalamu. Baada ya sala ya mwisho ya usiku hakuna maneno tena mpaka asubuhi.

Sasa mweke mwigizaji hapo. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kutazamwa. Sauti yake ilikuwa mali, uso wake ulikuwa mali, na kila jioni Broadway alipigiwa makofi ndipo akalale. Anaingia mahali ambapo ukiimba vizuri hakuna anayekupongeza, na ukiimba vibaya unaiharibia kwaya nzima. Hata jina likabadilika, akawa Sista Judith. Tena waliomzunguka walikuwa na haki ya kujiuliza kama huyu mrembo wa Hollywood amekuja kuishi au amekuja kuigiza sehemu nyingine ya utawa.

Dolores hakuficha jinsi alivyoteseka. Kwenye mahojiano ya miaka ya baadaye, na katika kitabu cha maisha yake, The Ear of the Heart, kilichotoka mwaka 2013, alieleza kwamba alikuwa akilia usiku kitandani, na kwamba hali hiyo haikwisha kwa wiki mbili, ilikwenda miaka. Alijiona kama mtu aliyejirusha kutoka juu ya ghorofa refu. Ninampenda kwa kusema hivyo. Masimulizi mengi ya aina hii yanakupa sura inayong'aa kuanzia siku ya kwanza, mpaka unajiona wewe peke yako ndiye unayelia baada ya kufanya uamuzi ulio sahihi.

Na hapa ndipo ninapoona watu wengi wanakosea, iwe kwenye ndoa, kazi mpya au kuhamia nchi ya mbali. Tunadhani machozi ni ushahidi kuwa tumechagua vibaya. Dolores alilia na hakuondoka. Nguo zilikuwepo stoo, mlango ulikuwepo, hakuna aliyemfunga kamba. Kila asubuhi alikuwa anachagua upya. Aliweka nadhiri zake za daima mwaka 1970, miaka saba baada ya kuingia. Hapo ndipo akarudishiwa jina lake, akawa tena Dolores.

Mawifi arobaini

Wabenediktini wana nadhiri ambayo mashirika mengi hayana. Wanaahidi kubaki. Si kubaki mtawa tu, kubaki kwenye nyumba ile ile, na watu wale wale, hadi kaburini. Sista akikuudhi huwezi kuomba uhamisho. Anayepiga chafya kila usiku pembeni yako kanisani atapiga chafya pembeni yako kwa miaka 40, na ukifa atakuimbia.

Nilipowaeleza wenzangu ofisini, mmoja akasema hiyo ni sawa na kuolewa kwenye nyumba yenye mawifi arobaini na mama mkwe mmoja, tena bila mume wa kukutetea. Tulicheka sana. Lakini hakuwa mbali na ukweli. Ugumu anaouona mtu wa nje ni kukosa mwanamume, kukosa watoto, kukosa disko. Kanuni yenyewe kwenye hayo haitumii maneno mengi. Inahangaika zaidi na manung'uniko, na wivu, na nani kamjibu nani vibaya, na wanaokorofishana wapatane kabla jua halijazama. Benedikto alijua watu wanashindwa wapi.

Yuko mwingine aliyepitia njia hii akiwa mtu mzima kabisa, Ann Russell Miller wa San Francisco. Tajiri, mama wa watoto kumi, mjane. Mwaka 1989 aliandaa bonge la sherehe hotelini, wageni 800, akaagana nao, na akaingia kwa Wakarmeli wa Des Plaines, karibu na Chicago. Karmeli ni wakali zaidi. Wanawe walipokwenda kumtazama walimwona kupitia nondo, kukumbatiana hakuna. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 92, na mmoja wa wanawe akaandika kumbukumbu isiyo ya kawaida: kwamba mama hakuwa mwimbaji mzuri na alizoea kuchelewa kazini pale monasterini. Miaka 31 ya sala haikumtibu uchelewaji! Ila kwa upande wa watoto kumi, mimi kama mzazi nashindwa kusema ni vizuri. Wapo waliokua wakubwa, sawa. Mama ni mama.

Hollywood ikamfuata

Kitu kimoja ambacho sikukitarajia ni kwamba Dolores hakulazimishwa kuua kila kitu alichokuwa. Alibaki mwanachama wa Akademi inayotoa Oscar, mwenye haki ya kupiga kura, akitumiwa filamu za kutazama pale pale monasterini. Kwenye eneo lao likajengwa jukwaa la maonyesho la wazi, na kila kiangazi wakawa wanaonyesha tamthilia. Paul Newman alichangia taa.

Jukwaa hilo lina jina la Gary Cooper, na hapo kuna mambo. Miaka ya nyuma Cooper, mume wa mtu, alikuwa na uhusiano na mwigizaji Patricia Neal. Binti yake Cooper, Maria, akiwa bado mdogo, alimtemea mate yule mama hadharani. Miaka ikapita, Neal akapatwa na misiba mfululizo na kiharusi juu yake, na aliyemwelekeza aende Regina Laudis akatulie ni huyo huyo Maria, rafiki wa Dolores. Neal akawa mgeni wa mara kwa mara. Alipofariki mwaka 2010, akazikwa hapo hapo monasterini. Wasomaji wanaoniuliza kama inawezekana kumsamehe mwanamke aliyeingilia ndoa ya wazazi wao, mimi huwataja hawa wawili, sina mfano mwingine mkubwa kuliko huo.

Kuanzia mwaka 1997 Dolores alianza kusumbuliwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, miguu ikawa inamuuma kiasi cha kushindwa kutembea vizuri. Mwaka 2001 akawa priora, yaani msaidizi mkuu wa abesi. Mwaka 2006 alitoka, akafika Hollywood baada ya miaka 43, kwa ajili ya kuwasemea wagonjwa wenzake, na alitoa ushahidi Washington kuhusu maumivu hayo.

Na Don? Hakuoa. Alikuwa na marafiki wa kike, alijaribu, lakini ndoa hakufunga. Akawa anasafiri kutoka California kwenda Connecticut kumtembelea, Krismasi na Pasaka, mwaka hadi mwaka. Hakwenda kumshawishi arudi. Alikwenda kumjulia hali.

Ofisini kwetu tuligawanyika. Upande mmoja ulisema Don ni mjinga, alipaswa kusonga mbele, wanawake wamejaa. Upande wa pili ukasema tungepata wanaume wawili tu wa namna hiyo hapa Dar, gazeti hili lingekosa cha kuandika. Mimi sikupiga kura. Ninachoona ni kwamba uamuzi wa mtu mmoja uliwafunga watu wawili, mmoja kwa nadhiri na mwingine bila nadhiri yoyote, na huyu wa pili hakuwa na kwaya ya kuimba naye saa nane usiku.

Filamu fupi ya maisha ya Dolores, God Is the Bigger Elvis, ilipotengenezwa, Don alikubali kuonekana. Yumo, mzee, amekuja kumtembelea kama kawaida yake. Alifariki tarehe 29 Novemba 2011. Miezi mitatu baadaye, Februari 2012, filamu ikiwa imeteuliwa kuwania Oscar, Mama Dolores alipita kwenye zulia jekundu akiwa na shela na kanzu yake nyeusi ya kitawa, katikati ya magauni ya mamilioni, na wapiga picha wakamgombania kama zamani. Filamu haikushinda. Akarudi Bethlehem.